Mashine pepe yenye mashine nyingine ndani: kwa nini inahama salama kisha inakufa

Swali: Mtaalamu, salaam. Chuoni kwetu tuna seva mbili za KVM (uwezo wa Linux wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta), zote Intel. Ya zamani ina Xeon E5 v4 na Ubuntu 18.04, mpya ina Xeon ya kizazi cha Cascade Lake na Ubuntu 22.04. Diski zote ziko kwenye hifadhi ya pamoja ya NFS. Kuna mashine pepe moja ya GB 64 ambayo wanafunzi wanaendesha mashine pepe zao ndani yake. Nikiihamisha kwenda seva mpya bila kuizima, `virsh`, amri ya kusimamia mashine pepe, inamaliza kazi bila kosa lolote, kisha sekunde chache baadaye mashine nzima inaganda au inajiwasha upya. Mashine zisizo na nyingine ndani zinahama bila shida. Je, tatizo ni mtandao wetu wa gigabiti 1? Na tukinunua seva ya tatu ya AMD tutapona?

Jibu: Ndugu yangu, waaleikum salaam. Mtandao wenu hauna hatia. Mtandao ukishindwa, uhamishaji hauishi: asilimia zinapanda na kushuka, na mashine inabaki ilikokuwa. Yako ilifika. Iliyokosekana ni kilobaiti chache tu za taarifa ambazo seva ya zamani haikujua hata kwamba inapaswa kuzituma. AMD nitaijibu mwishoni, ila usisaini hati ya manunuzi kabla hujafika huko.

Ili tusichanganye, seva yenyewe ya chuma nitaiita seva, mashine ya GB 64 nitaiita mashine ya kati, na za wanafunzi nitaziita za ndani.

Unapohamisha mashine pepe ikiwa inafanya kazi, QEMU, programu inayoendesha mashine pepe pamoja na KVM, huanza kunakili RAM yake yote kwenda upande wa pili huku mashine ikiendelea. Kurasa za kumbukumbu zilizoandikwa upya wakati huo hunakiliwa tena, na tena, mpaka kilichobaki kiwe kidogo kiasi cha kutumwa ndani ya muda wa kusimama unaoruhusiwa. Kwa kawaida muda huo ni milisekunde 300. Hapo mashine husimamishwa, mabaki hutumwa pamoja na rejista za prosesa na hali ya vifaa vyake pepe, na upande wa pili unaamsha. Kwenye gigabiti 1, GB 64 zilizojaa ni kama dakika 10 kwa duru ya kwanza. Inachosha, lakini haiui mtu.

Sasa tazama mashine ya ndani inapoendeshwa. KVM iliyo ndani ya mashine ya kati inaamini inazungumza na prosesa halisi ya Intel. Inatoa amri ya VMXON kuwasha uwezo wa kuendesha mashine pepe, inaandaa ukurasa uitwao VMCS wenye kila kitu kuhusu mashine ya ndani, inauelekeza kwa VMPTRLD, kisha inaruka kwa VMLAUNCH au VMRESUME. Lakini prosesa halisi haina tabaka mbili za kitu hicho, inayo moja tu. Kwa hiyo KVM ya seva inazidaka amri hizo na kuigiza. Inauchukua ukurasa ulioandikwa na mashine ya kati, inatunza nakala yake ndani ya kerneli ya seva (moyo wa mfumo endeshi wake), inauchanganya na mipangilio yake yenyewe, na kile kilichochanganywa ndicho kinachopewa prosesa.

Angalia nakala hiyo imekaa wapi: kwenye kerneli ya seva. Ukurasa ulioko kwenye RAM ya mashine ya kati unaweza kuwa umechakaa, kwa sababu toleo jipya liko kwa KVM ya seva. Hata habari kwamba VMXON ilishatolewa, na kwamba kiini fulani cha prosesa kwa sasa kiko ndani ya mashine ya mwanafunzi, haimo kwenye RAM hiyo. Unanakili GB 64 zote kwa uaminifu, na hiki kinabaki nyuma. Ni kama kuhamisha nyumba nzima kwa lori na kuacha funguo kwa mwenye nyumba wa zamani.

Kinachofuata upande wa pili hutegemea kila kiini kilikuwa wapi mashine iliposimamishwa. Kama kilikuwa kikiendesha kodi ya mashine ya kati, kitaendelea vizuri mpaka KVM ya kati itakapotaka kurudi kwa mwanafunzi na kutoa VMRESUME. KVM ya seva mpya haijawahi kuona VMXON, kwa hiyo inajibu kwamba amri hiyo haitambuliki, na kerneli ya kati inaanguka. Hizo ndizo sekunde chache unazozisema. Kama kiini kilikuwa ndani ya mashine ya mwanafunzi, mambo ni mabaya zaidi: rejista zilizotumwa ni za mashine ya ndani, lakini upande wa pili unazipokea kana kwamba ni za mashine ya kati. Anwani ya kodi ni ya mtu mmoja, jedwali la kurasa ni la mtu huyohuyo, lakini kumbukumbu inayosomwa ni ya mwingine. Prosesa inajikwaa mara tatu mfululizo na mashine inajiwasha upya. Ndiyo maana siku moja unaona kuganda na siku nyingine unaona skrini ya kuwaka upya, ilhali ugonjwa ni mmoja.

Kiasi kinachokosekana kinashangaza kwa udogo. Kwenye Intel, muundo ambao KVM huutumia kuitoa hali hii nje una kichwa cha baiti 128, VMCS ya baiti 4096, na pengine VMCS ya pili ya kivuli ya baiti 4096 nyingine. Jumla ni baiti 8320 kwa kiini. Mashine yenye viini 16 haifiki hata KB 140.

Mbona haikuwekwa tangu mwanzo? Kwa sababu kuendesha kulitangulia kuhamisha kwa miaka mingi. Kodi ya kuendesha mashine ndani ya mashine kwa Intel iliingia Linux 3.1 mwaka 2011, ikitokana na utafiti wa IBM uitwao Turtles uliochapishwa mwaka 2010. Mlango wa kutoa na kurudisha hali ya tabaka la ndani, `KVM_GET_NESTED_STATE` na mwenzake wa `SET`, ulifunguliwa Linux 4.19 mwaka 2018. QEMU ikaanza kuutumia kwenye toleo la 4.1, mwaka 2019. Nyaraka za kerneli zenyewe zinasema kuhamisha mashine ya kati yenye ya ndani iliyo hai kunafanya kazi kwa Intel kuanzia kerneli 5.3 na QEMU 4.2.0. Shika namba hizo mbili.

Ubuntu 18.04 ina kerneli 4.15 na QEMU 2.11. QEMU hiyo haijui kwamba kuna kitu kinachoitwa hali ya tabaka la ndani, kwa hiyo haikukatazi wala haikuonyi. Inakuacha utumbukie. Baadaye kidogo watengenezaji waliingiza kizuizi: mashine yoyote iliyoonyeshwa bendera ya `vmx` (ishara kwamba prosesa ya Intel inaweza kuendesha mashine pepe) ilikataliwa kuhama, hata kama haijawahi kuendesha chochote ndani. Wengi walilalamika, na mimi nawaelewa, lakini kati ya kukataliwa na kuangushiwa maabara nzima kimyakimya, nachagua kukataliwa. Kuanzia 4.1 QEMU inaangalia kwa makini zaidi. Ikiwa kerneli haiwezi kutoa hali hiyo na mashine ya kati imeshaiwasha VMX, uhamishaji unasimama na kosa linaandikwa kwenye logi.

Kuna mtego mmoja hapa. Ubuntu 18.04 inakuruhusu kupandisha kerneli ya HWE (kerneli mpya zaidi juu ya toleo lilelile la Ubuntu) hadi 5.4, na utashawishika kuona kwamba umevuka kizingiti. Hujavuka. QEMU inabaki 2.11, na QEMU ndiyo inayopaswa kuiomba hali hiyo kutoka kerneli na kuiandika kwenye mkondo wa uhamishaji. Kerneli inayojibu bila mtu wa kuuliza haisaidii.

Kwa hiyo dawa ya kudumu ni kuipandisha seva ya zamani hadi 22.04, yenye kerneli 5.15 na QEMU 6.2, ili pande zote mbili zizungumze lugha moja. Hata 20.04, yenye kerneli 5.4 na QEMU 4.2, imepita kizingiti, lakini kama unafanya kazi hiyo sioni sababu ya kusimama njiani. Baada ya kupandisha, zima mashine ya kati kabisa na uiwashe upya. Kuwasha upya kutoka ndani yake hakutoshi, kwa sababu mchakato wa QEMU unabaki uleule na aina ya prosesa uliyoipa haibadiliki.

Aina ya prosesa ndiyo shimo la pili, na wengi huanguka humo baada ya kutoka la kwanza. Nahisi faili la XML la mipangilio ya mashine yako lina `host-passthrough`, yaani mashine inaonyeshwa prosesa ya seva kama ilivyo, kwa sababu ndiyo njia ambayo kila mwongozo wa haraka hukufundisha ili `vmx` ionekane ndani. Kwa mashine ya kawaida inayohama kati ya prosesa zinazofanana, sawa. Kwako siyo. KVM ya kati, moduli yake inapopakiwa, inasoma mara moja orodha ya rejista kuanzia namba 0x480 zinazoeleza prosesa inaweza nini katika VMX: kuna EPT, kuna VPID, kuna VMCS ya kivuli, na kadhalika. Inapanga kazi yake kwa orodha hiyo na hairudi kuuliza tena. Ukiianzisha kwenye Cascade Lake kisha ukaipeleka kwenye E5 v4, inaweza kuomba kitu ambacho seva ya zamani haiwezi kutimiza, na mashine ya ndani itakataliwa kuingia.

Weka jina la prosesa ambalo zote mbili zinalimudu. Kwa jozi yenu ningechagua `Broadwell-noTSX-IBRS` na kuongeza mstari `<feature policy='require' name='vmx'/>`. Nasema noTSX kwa makusudi: baada ya udhaifu wa TSX (uwezo mmoja wa prosesa za Intel) uliotangazwa mwaka 2019, maikrokodi, yaani programu ya ndani ya prosesa, na kerneli nyingi huzima uwezo huo, na bendera zake zinaweza kuwapo upande mmoja na kukosekana upande wa pili. QEMU 4.2 ndiyo iliyoanza kuzifunga sifa za VMX pamoja na jina la prosesa, ndiyo maana kabla ya hapo hata jina lililochaguliwa vizuri lilikuwa dhamana nusu.

Kwenye kila seva thibitisha pia kwamba `cat /sys/module/kvm_intel/parameters/nested` inajibu `Y`. Na mashine zenu nyingine ambazo hazina haja ya kuendesha chochote ndani, zifungieni `vmx` kwa `policy='disable'`. Usiache mlango wazi kwa sababu tu haujaingiliwa.

Hilo la kufunga nalisisitiza kwa sababu ya Windows. Windows 11 na seva mpya za Windows zina ulinzi unaotegemea haipavaiza ya Microsoft, yaani programu yake ya kuendesha mashine pepe iitwayo Hyper-V, na zikiona `vmx` ipo zinaweza kuiwasha zenyewe. Hapo Windows yako ambayo haina mashine pepe hata moja inakuwa imejipandisha juu ya Hyper-V, na kwa KVM ya seva huo ni muundo uleule wa tabaka mbili. Mtu anakuapia kwamba hana mashine za ndani, na kwa macho yake yuko sahihi. Fungua `msinfo32` utazame kama ulinzi huo unaendeshwa.

Lakini hayo yote yanahitaji muda wa kuzima, na najua kalenda ya chuo haina huruma. Kama unataka kuiondoa seva ya zamani wiki hii, acha kabisa kuihamisha mashine ya kati. Hamisha za ndani.

Namaanisha hivi. Kwenye seva mpya tengeneza mashine ya kati ya pili, yenye prosesa iliyotajwa kwa jina kama nilivyoeleza. Kisha kutoka ndani ya mashine ya kati ya zamani, hamisha kila mashine ya mwanafunzi kwenda mashine ya kati mpya kwa amri ileile unayoizoea:

`virsh migrate --live --verbose jina qemu+ssh://kati-mpya/system`

Hili linafanya kazi hata na Ubuntu 18.04 yako chini. Anayenakili sasa ni QEMU iliyo ndani ya mashine ya kati, na kwake mashine ya mwanafunzi ni mgeni wa kawaida kabisa: RAM yake anaiona, rejista zake anaziona, hakuna kilichofichwa kwenye kerneli asiyoifikia. Nyaraka za kerneli zinalitaja hili waziwazi kuwa ni jambo linalotarajiwa kufaulu, iwe unahamia mashine ya kati nyingine kwenye seva ileile, kwenye seva nyingine, au hata kwenye seva ya chuma moja kwa moja.

Gharama zipo. Unahitaji RAM ya mashine ya kati pande zote mbili kwa wakati mmoja. Diski za wanafunzi zinapaswa kuonekana kutoka pande zote mbili, kwa mfano kwa kuifungua NFS yenu ndani ya mashine zote mbili za kati. La sivyo ongeza `--copy-storage-all` ili diski nazo zinakiliwe, na uvumilie. Kama mwanafunzi ameweka `host-passthrough` kwenye mashine yake, amerithi bendera za prosesa za zamani, na huyo ni salama zaidi akizima na kuwasha. Na kama maabara yenu inatumia EVE-NG au GNS3, programu za mazoezi ya mitandao, `virsh` haitaziona mashine hizo, kwa maana programu hizo zinaianzisha QEMU zenyewe bila libvirt, huduma ambayo `virsh` huzungumza nayo. Hizo zimeni, hamisheni mafaili, washeni. Ruta za mazoezi hazina mteja anayelia.

Siku mtakapokuwa mmepandisha kila kitu na kuihamisha mashine ya kati yenyewe ikafika hai, kuna jambo ambalo litakufanya udhani imeharibika tena. Utaingia kwa SSH kwenye mashine ya kati, itakupokea. Utajaribu mashine ya mwanafunzi iliyounganishwa na mtandao wa chuo kupitia daraja (swichi ya programu iliyo ndani ya mashine ya kati), kimya. Utaingia kwenye konsoli yake, utaikuta mzima, haina hata neno baya kwenye `dmesg`, logi ya kerneli. Ukiitumia `ping` kutoka humo kwenda nje, ghafla kila kitu kinafunguka.

Aliyekosea hapo ni swichi, na hakuambiwa. Mashine ikifika, QEMU ya seva hutangaza kwenye mtandao anwani ya MAC ya kadi ya mashine ya kati, ili swichi zijue sasa iko kwenye mlango mwingine. Lakini anwani za MAC za mashine za ndani QEMU ya seva haizijui; zimejificha nyuma ya daraja lililo ndani ya mashine ya kati. Swichi inaendelea kuzipeleka pakiti zao kwenye mlango wa seva ya zamani, mpaka mashine ya ndani itoe pakiti yake au kumbukumbu ya swichi iishe muda, ambao kwenye daraja la Linux na swichi nyingi ni sekunde 300. Seva inayoongea sana hutaiona ikisumbua. Inayosubiri kuulizwa, kama hifadhidata ya mazoezi, itapotea hadi dakika tano. Dawa ni amri fupi ya `arping` inayotumwa kutoka kila mashine ya ndani mara tu uhamishaji unapoisha, au kuziweka mashine za ndani nyuma ya NAT ya mashine ya kati ili anwani inayoonekana nje iwe moja.

Utaona pia uzito kwa muda mfupi baada ya kufika. Jedwali ambalo KVM ya seva hulitumia kutafsiri anwani za mashine ya ndani hadi RAM halisi halihamishwi. Linajengwa upya kurasa kwa kurasa kadiri zinavyoguswa. Hata wakati wa kunakili, kurasa kubwa zinavunjwa kuwa za KB 4 ili maandishi mapya yafuatiliwe, na mashine za ndani huhisi hilo zaidi kuliko ya kati. Kama kuna wanaojifunza Kubernetes humo, etcd, hifadhidata inayotunza hali ya Kubernetes, kwa kawaida huitisha uchaguzi mpya wa kiongozi ikikosa kusikia kwa milisekunde 1000, kwa hiyo usishangae kuona kiongozi amebadilika.

Ukifanya majaribio, usijaribu na mashine za ndani zilizolala. Ziendeshe kazi ya kweli, mfano kutengeneza kerneli kwa `make` kwenye viini vyote, kisha hamisha kwenda na kurudi, na usome `dmesg` ya mashine ya kati na ya ndani kila safari. Kuhifadhi hali ya mashine kwenye faili kwa `virsh save` au `managedsave` nako kunapita njia ileile ya kodi, kwa hiyo sheria zote nilizotaja zinahusika.

Na sasa AMD. Kwanza, hakuna kuhamisha mashine ya kati iliyo hai kutoka Intel kwenda AMD. Intel ina VMX na VMCS, AMD ina SVM na VMCB. Ni amri tofauti na miundo tofauti, na KVM ya kati iliyowaka juu ya moja haiwezi kuamkia juu ya nyingine. Pili, hata AMD kwa AMD ilichelewa: hali ya tabaka la ndani ya SVM iliingia kerneli 5.8 mwaka 2020, na nyaraka za kerneli bado zinaonya kwamba mashine ya kati ikishaanzisha ya ndani kwenye AMD, isihamishwe wala kuhifadhiwa mpaka ya ndani izimwe, na kwamba ukilazimisha, mashine hiyo isihesabiwe tena kuwa imara au salama. EPYC, prosesa ya seva ya AMD, ni nzuri sana na kwa mashine za kawaida singekukataza. Ila kwa maabara hii, kama fedha ni ya seva moja tu, nunua Intel ya kizazi kilekile cha Cascade Lake, hata iliyotumika. Ikifika, iandikie mashine ya kati jina la prosesa la kizazi hicho, uizime na kuiwasha mara moja, na ile E5 v4 uiachie kazi ya bekapu.